Kiwanja Nilichomuuzia Mama Ndaya

Kamalondo, jioni ya kuamkia safari yako

Odia wangu,

Uko kwa jirani unasukwa nywele, vicheko vyenu navisikia mpaka hapa, nami nimekaa na kalamu kama mwanafunzi aliyeingia kwenye mtihani bila kusoma. Mambo ya sweta, dawa ya malaria na kutompa mtu usiyemjua mzigo wako akushikie, hayo sitayaandika. Shangazi yako amekwisha kukwambia yote, na aliyoyasahau atakupigia simu kabla basi halijafika Likasi. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni baya. Ningeweza kulisema kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza kuongea natafuta maneno matamu, na nikiyapata najisamehe mwenyewe kabla mtu mwingine hajasema neno.

Basi naliweka hapa mwanzoni, ili mengine uyasome ukijua unasoma nini. Nyumba ya Mama Ndaya kule Naviundu haikuangushwa na Fundi Kabeya. Niliiangusha mimi.

Unaikumbuka, kwa sababu ndiyo uliyoisimulia ulipokwenda kuulizwa maswali ya kazi huko Kolwezi. Ulirudi unaruka, ukaniambia hata kabla ya kuvua viatu: "Papa, baliniuliza juu ya nini nyumba zinapasuka. Nikabaambia ya Naviundu, ya Fundi Mpaka-Mvula. Bote balicheka!" Ukaeleza jinsi ulivyowaambia kwamba fundi huyo, Kabeya, aliiba sementi, na kwamba ofisi inayokopesha watu pesa za kujenga lazima imchunguze fundi kwanza. Wakatikisa vichwa kwa kukubali. Wakakupa kazi. Nami nilikushika mikono nikasema asifiwe Mungu, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta makaa ya kuwashia moto.

Mtoto wangu anakwenda kazini na uongo wangu mfukoni, na anadhani ni elimu.

Ngoja nikwambie ilivyokuwa. Wewe ulipoanza kujua mambo ulinikuta tayari komisionere, mtu wa kuuzisha parcelle za watu, yaani viwanja vyao, simu mbili mkononi na viatu vimeng'arishwa. Hukumbuki nikiwa fundi cherehani hapa Kamalondo, na tepe shingoni, nikishona suti za harusi. Kazi ilikuwa nzuri maana shaba ilikuwa na bei. Shaba ikiwa na bei, kila mtu mjini huu anaoa, anabatiza, anajenga, hata asiyewahi kushika jiwe la shaba maishani mwake. Kisha bei ikaanguka. Kampuni ndogondogo zilizokuwa zikifanya kazi za migodi zikafunga milango, wageni wakaondoka, majumba waliyopanga yakabaki na walinzi tu. Watu hawakuacha kuoa, lakini waliacha suti. Cherehani yangu ikawa meza ya kuwekea sufuria.

Ndipo nikaona jambo ambalo nataka ulijue, kwa sababu ndiyo kazi unayokwenda kuifanya. Wakati wa shida ardhi inahama. Hakuna anayeichukua kwa nguvu. Inahama polepole, kutoka kwa mtu anayehitaji kula leo kwenda kwa mtu anayeweza kungoja. Mwenye parcelle kubwa anaikata nusu, baadaye nusu ya nusu, na mji unajaa nyumba mahali palipokuwa na bustani ya mboga za lenga-lenga na kijia cha maji. Baadaye shaba inapanda tena, watu wanasema mji umeendelea, tazama nyumba zilivyo nyingi. Mimi nilikuwepo wakati zinakatwa. Nilizoea kupima viuno vya watu, nikaanza kupima njaa yao.

Papa Mulunda alikuwa dereva wa kampuni moja ya migodi. Ilipofunga alibaki na watoto na kiwanja kirefu kilichoteremka mpaka karibu na mto Naviundu. Chini kabisa palikuwa na kichuguu, vile vichuguu vyetu vikubwa kama nyumba. Nilikwenda kwake na suti yangu ya mwisho niliyoishona mwenyewe. Nikamwambia bei ya chini, nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo mbinu ya kwanza ya kazi hii, usikubali mtu akufanyie. Akatazama chini, akasema: "Papa Odia, miye siuzishe juu ya bei. Nauzisha juu ya batoto balale na kitu mu tumbo." Nikamwambia Mungu atakuona, mzee. Nikachukua sehemu ya chini, na kichuguu chake, kwa bei ambayo hata leo sitaki kuiandika.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo baba yako alipokula mara tatu kwenye sahani moja.

Kwanza niliwapangisha wapiga matofali kile kichuguu. Unajua wewe mwenyewe, hakuna udongo unaopita ule kwa tofali. Walichimba, wakapiga, wakachoma tanuru baada ya tanuru, kichuguu kikaisha, nao wakaendelea kushuka chini kwa sababu udongo mzuri una mizizi. Walipoondoka waliniachia shimo ambalo mtu akisimama ndani humwoni. Mvua ilipokuja likawa bwawa, na akina mama wa pale wakanilaani kwa sababu ya watoto wao.

Nikaona hata shimo lina faida. Mji ulikuwa hauna pa kutupa taka, na wenye malori walikuwa wanatafuta. Nikawaambia leteni. Wakaleta taka za soko, matawi, magunia, mabati yaliyooza, godoro, kila kitu. Walinilipa kwa kila lori, nami nikajiona nina akili kuliko waliosoma. Shimo likajaa. Kiangazi kilipoingia nikanunua udongo mwekundu, nikautandaza juu, nikawaita vijana wakaushindilia kwa miguu na magogo. Ukautazama, ni kiwanja safi. Kitambaa kibovu ukikipiga pasi vizuri, mteja haoni mpaka akivae.

Mama Ndaya alikuja mwisho wa kiangazi kile. Mume wake alikuwa amekufa, alikuwa anauza ndakala, vile visamaki vikavu, sokoni, na wenzake wa likelemba, wanaochanga pesa na kupokezana, walikuwa wamempa zamu yake. Pesa zile alizileta zimefungwa kwenye pembe ya kitenge. Hakuna mtu angemkopesha Mama Ndaya. Kwa watu wa aina yake likelemba ndiyo benki, na kiwanja ndiyo pensheni. Aliinama, akachukua udongo mwekundu, akausugua kwenye vidole kama anayechagua unga.

"Papa Odia, hii udongo iko nguvu? Njo makuta yangu yote, sina pesa ingine."

"Iko nguvu, mama," nikamwambia. "Jenga bila woga."

Maneno hayo tu. Nimeyarudia kichwani mpaka yamepoteza maana, kisha yakairudia. Sikumwambia uongo mrefu wala sikumwapia. Na kwa miaka mingi nilijitetea hivyohivyo: kwamba aliniuliza kama udongo una nguvu, na ule wa juu kweli ulikuwa na nguvu. Ukiona mtu anajitetea kwa ufundi kama huo, Odia, kaa naye mbali. Nilikuwa mtu huyo.

Nyumba aliijenga mdogo wake, Kabeya. Hakumlipisha dada yake hata kidogo. Alikuwa fundi kijana, mwenye majivuno kidogo, anapiga mluzi juu ya ukuta. Mvua za kwanza zilipita. Zile kubwa zilipofika, taka zikaanza kuoza na kushuka, na nyumba ikashuka nazo upande mmoja. Ukuta ukapasuka kuanzia dirishani mpaka chini, na asubuhi moja ukaanguka. Mungu alikuwa na huruma kuliko mimi, watoto walikuwa shuleni. Ila mashine ya kusaga ambayo Mama Ndaya alikuwa ameinunua kwa pesa za ndakala ilikuwa chini ya matofali.

Nilikwenda pale na watu wengine, kutoa pole. Nilisimama kwenye tope. Na mtu mmoja katika kundi akasema, "Huyu fundi alikula sementi." Wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa na sekunde moja ya kusema. Nikatikisa kichwa, kama mtu anayesikitika kwamba vijana wa siku hizi hawana uaminifu. Ndivyo Kabeya alivyohukumiwa, na hakimu alikuwa shingo yangu.

Mama yako aliniuliza mara moja tu. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso: "Papa Odia, ulikuwa unajua kama pale kulikuwaka shimo?" Nikamjibu sikujua, nilikuta pamekwisha kujazwa. Akaendelea kupepeta. Sijui kama aliniamini. Alikufa bila kuniuliza tena, na mpaka leo sijui kama ile ilikuwa imani au adabu. Kama ilikuwa adabu, basi aliishi na mwongo kitanda kimoja akijua, nami sina pa kwenda kumwomba msamaha.

Kabeya hakuna aliyempa kazi tena. Wakamwita Fundi Mpaka-Mvula, fundi ambaye nyumba zake zinasimama mpaka mvua ije. Dada yake akaacha kumsemesha. Akahamia Kipushi. Kama unakumbuka, alikuja kwenye harusi ya mtoto wa shangazi yako, akakaa mwisho wa meza. Wewe ulikuwa msichana mdomo mwepesi, ukamwambia mbele ya watu: "Baba mudogo, hema hii njo weye ulisimamisha? Tutoke mbele ya mvua?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye pia alicheka, kwa upole. Nami nilicheka, Odia. Nilicheka na bia mkononi. Mtoto wangu anamchoma mtu kwa kisu nilichokinoa mimi, na mimi nacheka. Katika yote niliyoyafanya, kile kicheko ndicho kinachoniamsha.

Siku ile uliporudi na habari ya kazi, nilijua nikinyamaza tena nitakuwa nimekuuza na wewe. Huko Kolwezi utatumwa kutazama viwanja vya watu kabla ya kuwakopesha. Utaamka asubuhi ukiamini kwamba nyumba ya maskini ikianguka, mwizi ni maskini mwenzake. Utamnyima fundi fulani kazi kwa ajili ya hadithi yangu. Kwa hiyo wiki hii niliposema nakwenda kutazama nyumba ya mteja, sikuwa na mteja.

Nilianza kwa Mama Ndaya. Anapanga chumba kimoja hapahapa mjini, mtaa wa Kenya, karibu na soko. Alifurahi kuniona, akapangusa kiti kwa kitenge chake. Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kuzunguka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu kabisa:

"Na matanga ya bibi yako, Mama Odia, njo nani alipikaka bukari?"

"Njo weye, mama."

"Usiku yote."

"Usiku yote, mama."

"Na weye ulikula."

"Nilikula."

Afadhali angenitukana. Nikamnyooshea mkono, akautazama, akaenda kufunika ndakala zake. Nilipofika mlangoni akasema nyuma yangu: "Enda kwa mudogo wangu. Miye sina la kukuambia mbele haujaenda kule."

Nikaenda Kipushi. Nilimkuta anasukuma mkokoteni wa magunia kwenda upande wa mpaka. Amezeeka kuliko mimi, ingawa kwa umri ningeweza kumzaa. Nikamwambia palepale barabarani. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Nilitamani hata anipige, ningepata nafuu ya bure. Lakini Kabeya aliweka mkokoteni chini, akakaa juu ya magunia, akauliza kitu ambacho sikukifikiria hata mara moja:

"Njo kusema haikuwa mikono yangu?"

Unaelewa, Odia? Nilidhani kwa miaka yote hii anajua kwamba ameonewa. Kumbe alituamini. Alijua hakuiba sementi, lakini alitusikia wote tukisema kosa ni lake, akakubali. Aliniambia kwamba kila siku alikuwa anarudia kichwani mifuko ya sementi, maji, mchanga, akitafuta mahali alipokosea, na kwamba aliacha kujenga kwa sababu aliogopa kuua mtu. Nilimwambia haikuwa mikono yako, fundi. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akafunika uso kwa kofia, na watu wa mpakani wakawa wanatuzunguka na mizigo yao wakitulalamikia tumeziba njia.

Kisha akasema: "Utaisema tena mbele ya yaya wangu? Na mbele ya batoto yangu? Benye bananicheka kule Kamalondo, nabo pia?" Nikasema ndiyo. Nimekwisha kuisema mbele ya huyo yaya, dada yake, na watoto. Kwa watu wa mtaa, ni kesho.

Sasa nije kwenye kulipa, na hapa pia nina aibu mpya ya kukuonyesha. Nikiwa njiani kutoka Kipushi nilijua mara moja nitafanya nini. Nitampa Mama Ndaya kile kiwanja chako cha barabara ya Kipushi, nilichokiandika kwa jina lako ulipofaulu shule, kile ulichokichorea nyumba yenye baraza na chumba cha kusomea. Nilifurahi, nikajiona mtu mwema. Nilifika nyumbani nikakukuta unapiga pasi nguo zako za kazi, ndipo nikagundua ninachofanya. Nilikuwa nakata tena parcelle ya mtu mwingine ili nipate raha mimi. Mazoea haya hayafi kirahisi.

Kiwanja chako kinabaki chako. Hakijawahi kuwa na kichuguu wala shimo, lakini nimekinunua mimi, kwa hiyo usichukue neno langu. Kabla ya kujenga, chimba. Chimba pembeni na katikati, ushuke chini mwenyewe, unuse udongo. Na huko kazini, mtu akikuonyesha kiwanja kizuri wakati wa kiangazi, waulize akina mama wa jirani watoto wao walikuwa wanachezea nini pale zamani. Nisingepona swali hilo hata siku moja.

Ninachomtolea Mama Ndaya ni vile vyumba viwili vya uani, ninavyovipangisha. Ndivyo vilivyokulisha na kukusomesha tangu magoti yangu yaanze kunisumbua, na ndivyo nilivyotegemea kuzeekea. Msingi wake naujua, ulichimbwa na babu yako aliyefika hapa kutoka Kasai na hakuamini kitu chochote asichokishika. Wapangaji walihama jana. Wewe ulidhani wamefukuzwa na kelele za shangazi. Hati tumezipeleka kwa mkuu wa mtaa, na Mama Ndaya ameweka sahihi. Nilipomuuliza kama hiyo itamtosha, alinijibu: "Nyumba nitaitwaa. Kukusamehe, ile tutaona." Ni jibu la haki, na sitaki umbembeleze kwa niaba yangu.

Ndiyo maana sitakutumia pesa kila mwezi kama nilivyoahidi. Nisamehe kwa hilo. Na usinitumie wewe kwa huruma. Nimetoa ile cherehani chini ya sufuria, nimeitia mafuta, bado inakwenda. Macho ndiyo hayaendi, lakini kupunguza suruali hakuhitaji macho mengi.

Kuhusu ile hadithi uliyowasimulia waajiri wako, siwezi kukwambia ufanye nini. Ukiisahihisha wanaweza kukucheka, au wakakuuliza wewe ni mtoto wa nani hasa. Ukiiacha, najua vizuri sana jinsi inavyokaa tumboni. Nilitaka tu uchague ukiwa unajua, jambo ambalo mimi sikumpa Mama Ndaya.

Kesho asubuhi utasikia nyundo uani kabla hujaamka. Ni Kabeya, anafungua mlango upande wa barabara ili dada yake asiwe anapita kwangu kila akiingia kwake. Ameniomba kazi hiyo aifanye yeye, na nimewaita majirani waje mapema, wote wale waliokuwa kwenye harusi, nami nitasimama niwaambie. Basi lako linaondoka baadaye kidogo. Unaweza kubaki chumbani mpaka nimalize, sitakulaumu. Hakuna mtoto anayepaswa kumwona baba yake akivuliwa hadharani.

Lakini kama ukitoka, nina ombi moja. Najua tulivyokulea, kwamba asubuhi mtoto humwamkia baba yake kabla ya mtu yeyote. Kesho usifanye hivyo. Mwamkie Fundi Kabeya kwanza, umwite fundi, majirani wakisikia.

Mimi nitangoja.

Baba yako